Kabla hujaizika projekta yako

Mtu akiniletea projekta na kuniambia imekufa, kabla sijaigusa namuuliza: mara ya mwisho mliizimaje? Wengi hushangaa. Walitegemea niulize habari za waya, au rimoti, au ilinunuliwa mwaka gani. Lakini majibu yake hunipa nusu ya ugonjwa hapo hapo. "Ibada ilipoisha kijana alizima swichi ya ukutani." "Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena." "Tuliichomoa harakaharaka, gari lilikuwa linatusubiri." Hapo najua pa kuanzia.

Kazi yangu ni kufunga na kuendesha projekta: kwenye kumbi za harusi, makanisani, kwenye semina, kwenye mabanda ya mpira. Zaidi niko Dar es Salaam, mara nyingine naitwa mikoani. Jambo moja natamani kila kamati ya ukumbi na kila mwalimu anayekabidhiwa kifaa hiki alijue: projekta ni mashine ya joto. Ukilitunza joto lake, picha itajitunza kwa miaka. Na nalisema kwa uchungu, kwa sababu projekta nyingi za huku hazikununuliwa na tajiri mmoja. Ni michango. Kuna mama aliyetoa elfu tano yake ya mboga ili watoto wa shule wapate kuona picha ya moyo wa binadamu ukutani. Kifaa kama hicho kikifa kwa vumbi, inauma.

Tuangalie huko ndani kunatokea nini. Projekta nyingi za maofisini na makanisani zinatumia taa ya zebaki ya aina ya UHP, ambayo Philips waliileta mwaka 1995. Ni kichupa kidogo cha kioo kigumu, na ndani yake kuna ncha mbili za chuma zinazotazamana, zimeachana kwa kama milimita moja tu. Umeme unaruka kwenye mwanya huo katikati ya mvuke wa zebaki. Taa ikishashika moto sawasawa, mgandamizo ndani ya kichupa unazidi mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta. Mwanga wote unaojaza ukuta wa mita tatu unatoka kwenye kijipengo hicho cha milimita moja.

Kitu cha namna hiyo hakizimwi kama balbu ya chumbani. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, taa inazimika lakini feni inaendelea kuvuma kwa muda, mara nyingi dakika moja au mbili, ikilisukuma joto nje. Ukikata umeme katikati, feni inasimama na joto lote linabaki limefungiwa ndani, likiitafuna taa na vile vichujio vyembamba vya mwanga vilivyo karibu nayo. Haifi siku hiyo. Inazeeka. Kuna projekta za kisasa zilizoundwa kuvumilia kuchomolewa ghafla, na kitabu chake kitasema hivyo wazi. Kama hakisemi, subiri feni inyamaze yenyewe ndipo uguse soketi.

Na umeme ukikatika wenyewe? Hapo ndipo ninapowasihi watu wanunue UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ukikatika. Projekta ya kawaida ya ukumbi inakula kama wati 300, kwa hiyo hata UPS ya VA 1,000 inaibeba dakika kadhaa. Si kwa ajili ya kumalizia mechi; ni kwa ajili ya kuizima kwa utaratibu na kuiacha feni imalize kazi. Zile "guard" za friji na TV zina faida yake pia, maana umeme ukirudi zinaushikilia kwanza mpaka utulie, lakini haziwezi kuiendesha feni umeme ukiwa umeondoka. Na umeme ukirudi, usiibonyeze projekta papo hapo. Taa ikiwa bado ya moto haiwaki kirahisi, na kuilazimisha mara nne, mara tano, ni kuipunguzia maisha. Iache ipoe.

Halafu vumbi. Dodoma nilipanda ngazi kwenye kanisa moja ambalo projekta yao ilikuwa inazimika kila mahubiri yakifika katikati. Wazee walikuwa wameshaanza kuulizia bei ya nyingine. Nilivuta kile kifuniko cha pembeni, nikachomoa filta. Vumbi lilitoka limeshikana kama kipande cha blanketi la kijivu. Niliweza kulinyanyua kwa vidole viwili likabaki na umbo lake la mstatili, na katikati lilikuwa limenasa mbawa za kumbikumbi. Hewa ilikuwa haipiti hata kidogo. Nilisafisha filta, nikaipiga brashi midomo ya kutolea hewa, tukaiwasha. Jumapili iliyofuata ibada nzima iliisha picha ikiwa juu. Bei ya matengenezo yale ilikuwa brashi ya kupakia rangi.

Namna ya kusafisha ina maana kubwa. Izime, chomoa kwenye soketi, iache ipoe. Filta ipeleke nje, uipige brashi laini au uinyonye kwa kifyonza vumbi chenye nguvu ndogo. Usiioshe kwa maji mpaka kitabu chake kiseme inaoshwa, maana nyingi haziosheki. Ikichanika, nunua nyingine. Usiendeshe projekta bila filta hata kwa jioni moja. Na tafadhali, usiipeleke kwenye kompresa ya gereji. Hewa ile ina nguvu mno na huja na unyevu na mafuta. Inalisukuma vumbi hadi kwenye vioo vya ndani ambako hutaliona tena isipokuwa kama madoa kwenye picha, na inaizungusha feni kuliko ilivyokusudiwa. Makopo ya hewa yenye gesi inayoshika moto nayo yakae mbali na kifaa hiki. Kwenye ofisi yenye madirisha ya kufunga, kusafisha kila baada ya miezi michache kunatosha. Kwenye ukumbi wa wazi ulio kando ya barabara ya vumbi, mimi nafanya kila mwezi.

Kuna tatizo jingine tunalijenga wenyewe: sanduku la kuzuia wezi. Naelewa kwa nini linawekwa. Lakini nimeona masanduku ya bati yaliyofunikwa pande zote, yameachiwa tundu la lenzi tu. Projekta inatoa hewa ya moto, hewa inagonga bati, inarudi, inavutwa tena. Fundi wa kuchomelea akitumia wavu wa nondo badala ya bati, mwizi atazuiwa vilevile na hewa itapita. Acha nafasi ya kama sentimita 30 kila upande. Na kama projekta iko mezani, hakikisha kitambaa cha mapambo hakijaziba midomo ya hewa. Kwenye sherehe za ukumbini hilo hutokea sana, kwa sababu mpambaji hupita wa mwisho na hajui kile kifaa kinahema.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Nilikuwa Njombe kwenye harusi, mgeni tu upande wa bwana harusi. Projekta ilikuwa imekodiwa Dar, nzima kabisa, filta safi. Ikawa inawaka kwa muda mfupi kisha inazimika na kitaa chekundu cha joto kinawaka. Nje kulikuwa na baridi ya kuvaa koti. Baba mdogo wa bibi harusi akaniita pembeni: "Kijana, nasikia wewe ni mtu wa mashine hizi. Itakuwaje ichemke na baridi yote hii?"

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Haichemki kwa sababu ya jua. Huku juu hewa ni nyepesi."

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu kuliko ililozoea kubeba Dar. Kwenye menyu ya projekta nyingi kuna kipengele kinaitwa "High Altitude Mode", na vitabu vingi vinasema kiwashwe ukipita mita 1,500. Nilikiwasha, feni ikapandisha sauti, na picha za makuzi ya bibi harusi zikaenda mpaka mwisho. Mwenye ukumbi Mbeya (mita 1,700 hivi) au Nairobi (karibu 1,800) anapaswa kukikagua kipengele hicho siku ya kwanza kabisa. Wewe wa Tanga au Mombasa kiache kimezimwa. Huko kitakupa kelele tu.

Vile vitaa vidogo vya juu ya projekta, kwa njia, ndivyo lugha yake. Kimoja ni cha joto, kimoja cha taa, na namna vinavyopepesa ina maana tofauti kwa kila kampuni na kila toleo. Usikariri kutoka kwa jirani. Chukua simu, rekodi video ya sekunde kumi ya vitaa vikipepesa, kisha tafuta kitabu cha toleo lako hasa. Ukimtumia fundi video hiyo kabla hajaja, atakuja na kifaa sahihi mkononi.

Taa yenyewe ina umri. Ya kawaida hupewa saa kama 3,000 hadi 5,000, na zaidi ukitumia hali ya kubana matumizi. Banda la mpira linaloonyesha mechi na filamu saa kumi kwa siku linamaliza saa 3,000 kwa siku 300. Kwa hiyo mwenye banda bei ya taa aiweke kwenye hesabu zake kama anavyoweka kodi ya pango, isije ikamkuta msimu wa fainali mkono mtupu. Dalili za uzee zinafahamika: picha inafifia, inakuwa ya njano, inapepesa, au inachelewa kuwaka. Ukibadilisha, subiri projekta ipoe saa nzima, usiguse kioo cha taa kwa vidole vitupu, na ukimaliza funga kifuniko mpaka kibofye. Kuna swichi ndogo nyuma ya kifuniko kile. Kikiwa kimelegea hata kidogo, projekta haiwaki kabisa, na watu huirudisha dukani taa nzima wakisema ni mbovu. Kisha rudisha hesabu ya saa kwenye sifuri.

Ikitokea taa ikapasuka, utasikia mlio wa nguvu. Toa watu, fungua madirisha, maana ndani mlikuwa na zebaki. Projekta ikiwa darini, usikifungue kifuniko ukiwa umesimama chini yake na uso juu. Vipande vya kioo vinasubiri kuanguka.

Tukitoka kwenye joto, lalamiko ninalolisikia zaidi ni skrini ya bluu na maneno "No Signal". Hii ni habari njema. Taa inawaka, feni inazunguka, projekta inaongea nawe. Inakwambia tu kwamba haijaletewa kitu. Usianze kubonyeza kila kitufe cha rimoti. Kwenye laptopu ya Windows, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua "Duplicate" ili ukuta uonyeshe kilekile kilicho kwenye laptopu. Kisha kwenye projekta hakikisha umechagua tundu lile ambalo kebo imechomekwa, maana nyingi zina matundu mawili ya HDMI na mtu anasubiri picha ya tundu la kwanza wakati kebo iko la pili. Ukiona badala ya bluu ni giza tupu na sauti nayo hakuna, tazama lenzi: matoleo mengi yana kifuniko cha kutelezesha, na mtoto au mfagiaji amekisukuma kidogo.

Bado? Igawanye njia. Chukua kebo fupi unayoiamini, peleka laptopu mpaka kwenye projekta, unganisha moja kwa moja. Picha ikija, projekta na laptopu ni wazima, mgonjwa ni ile kebo ndefu iliyopita darini. Kebo ya kawaida ya HDMI ikipita mita 10 au 15 huanza kuyumba: picha inakatika, inamwagika nukta nukta, au inakubali picha ndogo na kukataa kubwa. Kwa umbali huo tumia kebo yenye kikuza nguvu ndani yake, au ya nuru (fibre), au vile visanduku viwili vinavyopeleka HDMI kwa kebo ya mtandao. Kuhusu simu, si kila simu yenye tundu la USB-C inatoa picha kwa kebo. Nyingi za bei nafuu hazitoi kabisa, na adapta ya kununua barabarani haitaziponya.

Kama king'amuzi kinaonyesha picha sekunde moja kisha giza, wakati laptopu inafanya kazi vizuri kwa kebo hiyohiyo, shuku ulinzi wa haki za maudhui unaoitwa HDCP. Vifaa vyote kwenye njia lazima viuelewe, na mara nyingi kinachokwamisha ni kigawanyio cha bei rahisi kilicho katikati.

Kumbi nyingi bado zina VGA, ile plagi ya bluu yenye skrubu mbili, na mimi siidharau. Inakwambia ugonjwa wake kwa rangi. Nyekundu, kijani na bluu kila moja inapita kwenye pini yake. Picha ikigeuka njano, rangi ya bluu haijafika. Ikiwa ya zambarau-waridi, kijani imekatika. Ikiwa ya bluu-kijani, nyekundu haipo. Chomoa, tazama pini zile kwa tochi ya simu. Pini 1, 2 na 3, za mstari wa juu, ndizo zinazobeba rangi, na mara nyingi utakuta moja imelala kwa sababu mtu aliilazimisha plagi kichwa chini. Inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu ya chuma iliyoisha wino. Ukiona pini ya 9 haipo kabisa, iache hivyo hivyo. Kebo nyingi zimetengenezwa bila hiyo. Na ukimaliza, kaza zile skrubu, ziliwekwa kwa sababu.

Wenye makanisa na kumbi huniuliza pia kwa nini wakichomeka HDMI muziki unapotea kwenye spika kubwa. Haujapotea. HDMI inabeba sauti pamoja na picha, kwa hiyo laptopu imeipeleka sauti kwenye kispika kidogo cha projekta huko darini. Bofya alama ya spika kwenye laptopu, chagua sauti itoke kwenye tundu la hedifoni linaloenda kwenye miksa. Mkisikia mvumo mzito kwenye spika unaonyamaza pale chaja ya laptopu inapochomolewa, vifaa vyenu vimepata ardhi kwa njia mbili tofauti. Chukueni umeme wa laptopu, projekta na miksa kwenye soketi moja. Kamwe msikate pini ya ardhi. Nimeona plagi zilizokatwa, na nimewaambia wenyewe wazi kwamba wanacheza na uhai wa mtu atakayeshika kipaza sauti.

Madoa kwenye picha yana aina zake. Doa la rangi lenye kingo laini, la kijani au la waridi, ni vumbi lililoingia kwenye vioo vya LCD, vile vinavyounda picha. Hilo linataka fundi afungue. Nukta nyeupe kali zinazoongezeka wiki hadi wiki, kwenye projekta ya DLP (aina inayounda picha kwa chipu ya vioo), ni vioo vidogo mno vya kwenye chipu vilivyokwama. Hapo chipu inabadilishwa, na bei yake inaweza kukushawishi ununue nyingine. Picha yenye umbo la trapeza haitaki fundi. Watu hukimbilia kuinyoosha kwa menyu, lakini kila unapoinyoosha hivyo unatupa sehemu ya pikseli zako na maandishi yanafifia. Nyanyua meza, isogeze katikati ya ukuta, ndipo umalizie na menyu kidogo.

Na ile "mbovu tangu mpya" isiyoonekana mchana? Mara nyingi si mbovu, ni namba za kwenye boksi. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zinazostahili kuaminiwa ni zile za viwango vya ANSI au ISO, ambazo mwanga hupimwa sehemu tisa za picha na kutafutiwa wastani. Vile viprojekta vidogo vya LED vinavyoandikwa lumeni 9,000 kwa bei ya simu ya kawaida havina hata sehemu ya kumi ya mwanga huo, na "1080p" ya kwenye boksi mara nyingi maana yake ni kwamba kinapokea picha ya ukubwa huo kisha kinaibana. Tafuta neno "native", yaani ukubwa halisi wa picha ya kifaa chenyewe, kwenye maelezo. Kwa darasa lenye madirisha yasiyo na mapazia, mimi sishauri chini ya ANSI 3,500.

Ukienda Kariakoo kununua ya mtumba, beba laptopu yako na kebo yako mwenyewe. Fungua menyu, tazama saa za taa, lakini ujue hesabu hiyo inarudishwa sifuri kwa kubonyeza tu. Saa 12 kwenye kifaa kilichochubuka kona zote usizikubali. Onyesha ukurasa mweupe mtupu uangalie kona nne na katikati, kisha mweusi mtupu utafute nukta, kisha umwombe muuzaji iachwe ikiwaka nusu saa nzima. Weka kiganja penye mlango wa hewa: inapaswa kutoka ya moto, kwa nguvu, bila kukatika. Halafu izime kwa kitufe chake, na usilipe mpaka usikie feni inamaliza kazi yake na kunyamaza yenyewe.